Shemeji Anataka Chuma

Katika ukoo wetu, ukishanunua kompyuta basi umekuwa wakili, daktari, mhasibu na mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Hakuna anayekuuliza kama unajua unachokifanya. Mama akitaka kujua kama dawa ya presha inapatana na njahi, ananipigia mimi. Binamu akikumbuka fomu za KRA usiku wa mwisho wa Juni, ananipigia mimi. Sasa mume wa dada yangu, yule wa Ngoingwa kule Thika, ameamua kununua bastola, na mimi ninayekaa zangu Ruiru nimeteuliwa katibu wa mradi. Sikuomba kazi. Sikuhojiwa. Hata nauli natoa mfukoni mwangu, na anayejua jinsi nauli ya Ruiru hadi Thika inavyopanda wingu likitanda tu juu ya Juja ataelewa kwa nini nanung'unika.

Sababu ya bastola ni kuku. Nasema mimi kwa sababu yeye hasemi. Ana duka la vifaa vya ujenzi Makongeni, na mbele za watu hudai anataka silaha kwa ajili ya biashara. Biashara gani? Wateja wake wote hulipa kwa M-Pesa. Jambazi akivamia duka lile jioni atakuta saruji, misumari na kijana wa kazi aliyesinzia juu ya mabati. Mauzo yako ndani ya simu, na simu yenyewe ina kioo kilichopasuka hata mwizi mwenye njaa angesita. Lakini nyumbani waliingia usiku wakaondoka na kuku wa kienyeji, pampu ya maji, na kamba ya kuanikia nguo pamoja na nguo zenyewe. Soja wa geti alikuwepo, ana rungu, ana tochi isiyo na betri. Alipoulizwa alisema aliwasalimia wakamwitikia vizuri, akajua ni wageni wa mwenye nyumba. Tangu siku hiyo shemeji hali akashiba. Anataka chuma.

Kichocheo cha pili kiko Dallas. Mdogo wake anaishi Texas miaka mingi, ana karatasi zake zote za ukaazi, na siku moja alituma video kwenye kundi la WhatsApp la familia akiwa ameshika bastola aliyoinunua mnadani kwa mtandao, kakaa kwenye kochi na soksi miguuni. Video hiyo imetazamwa kuliko ya harusi yake. Shemeji akanivuta kando.

"Shemeji, si umejionea? Mtu anabonyeza tu."

Basi ikanibidi nipige simu Dallas usiku wa manane ili nijue alibonyeza nini. Kumbe kubonyeza ndiyo sehemu ndogo kabisa. Wenzetu wana GunBroker, soko la mnada wa bunduki mtandaoni lililoanza 1999, mwaka uleule eBay ilipokataa bunduki kupigwa mnada kwake. Unaweka dau, mwingine anaongeza, saa ikifika mnada unafungwa. Ila mshindi haletewi mzigo mlangoni. Kama muuzaji yuko jimbo jingine, lazima aitume kwa mwenye duka la bunduki aliye karibu na mnunuzi, mwenye leseni ya serikali kuu, na huyo ndiye anayekabidhi. Ukifika kwake unajaza fomu nambari 4473. Una kesi ya jinai? Umewahi kupatikana na hatia ya kumpiga mkeo? Unavuta bangi? Karatasi zako za uhamiaji zikoje? Kisha mwenye duka anauliza mfumo wa FBI, unaofanya kazi tangu Novemba 1998, kama wewe ni mtu wa kukabidhiwa. Halafu anakutoza ada yake ya kukupokelea. Hiyo ada haikuonekana kwenye video.

Na bwana mdogo, pamoja na maringo yake ya soksi, si mjinga. Kabla ya kuweka dau alisoma walionunua kwa muuzaji yule walisema nini juu yake. Aliomba apigiwe picha ya nambari ya bastola na ya ndani ya mtutu, maana picha ya mbali huficha kutu. Alimtafuta mwenye duka mapema, akamuuliza kama atakubali kumpokelea na kwa kiasi gani. Muuzaji naye hakutuma kitu hadi alipoletewa leseni ya duka akaihakikisha kwenye tovuti ya ATF, idara inayosimamia silaha kule. Bwana mdogo mwenyewe alikuwa amejiwekea kikomo cha bei, akafunga kompyuta, akalala.

Nilimweleza shemeji yote haya, neno kwa neno, tukila ndizi nyama. Alichosikia ni "unaweka dau."

Hili la dau linanitia wasiwasi kwa sababu shemeji ana historia nalo. Mnada anaoujua ni ule wa magari ya mikopo, yaliyotwaliwa kwa watu walioshindwa kulipa. Unaweka amana, unaruhusiwa kulikagua gari likiwa limezimwa, mnapandishiana bei, na ukishinda unaondoka nalo vile lilivyo, kasoro zake ni mali yako. Ndivyo alivyonunua pikapu ambayo ilibainika njiani kuelekea nyumbani kwamba giaboksi yake ilikwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Pikapu hiyo sasa ni banda la kuku. Yaani lilikuwa.

Wiki hiyohiyo akanitumia tangazo aliloliokota Facebook. Bastola juu ya kitambaa cheupe, na maelezo: mpya kabisa, karatasi zipo, inaletwa na boda hadi mlangoni Thika, Juja na Ruiru, tuma nusu ya pesa kwanza.

"Hizo karatasi zilizopo ni za nani?" nikamuuliza.

"Za bastola."

"Na wewe karatasi zako ziko wapi?"

"Mimi nina kitambulisho, shemeji. Usinichoshe."

Kwake yeye, bastola huja na stakabadhi zake, mkashikana mikono, jina likabadilishwa jioni, maisha yakaendelea. Kwetu mambo yamepinduliwa: mtu ndiye hupimwa kwanza, akapata cheti, ndipo chuma kimfuate. Muuzaji naye lazima awe amesajiliwa kufanya biashara hiyo, na asiye na cheti haruhusiwi kuuziwa hata akija na gunia la noti. Kwa hiyo tangazo la boda lina njia mbili tu za kuishia. Ya kwanza, nusu ya pesa inaondoka na nambari ya simu inazimwa. Ya pili ni mbaya zaidi: boda anafika kweli, na unapokea chuma kilichokwanguliwa nambari, ambacho hujui kililala wapi wala kilimfanya nani nini, na kikipimwa maabara kikaonekana kilitumika kwenye uhalifu, wewe ndiwe utakayekuwa umekishika. Dada yangu ameomba iwe njia ya kwanza. Anasema angalau hatahitaji kumpelekea mtu chakula.

Kinachoniudhi zaidi katika jambo hili ni jiografia. Mimi naishi Ruiru. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikuja kufungua kiwanda cha silaha ndogo hapahapa Ruiru, kiwanda cha shilingi bilioni 4, na tukaambiwa kina uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Kikosi cha Recce cha GSU kiko Ruiru. Chuo cha askari magereza kiko Ruiru. Ukipanda hadi Thika unakuta kambi ya wahandisi wa jeshi. Yaani kutoka kwangu hadi kwa shemeji, bunduki ziko kulia na kushoto, na bado mwizi wa kuku alipita katikati yao wote na pampu begani.

Shemeji, kwa hesabu zake za duka, anaona kwamba kama kiwanda kiko Ruiru na mimi niko Ruiru, basi nina bei ya jirani.

"Pita tu getini uulize. Hata yenye kasoro kidogo ya rangi sijali."

Sikupita. Geti la aina ile sitaki hata kusimama karibu nalo kusoma ujumbe wa simu. Nilimwambia kiwanda ni cha kuvipa vikosi vya usalama silaha, hakina kaunta ya rejareja, akanitazama kwa huzuni ya mtu aliyegundua ameoa katika ukoo usio na watu wa maana.

Nyanya yetu wa Gatundu alipoletewa habari hii alikuwa akichambua maharagwe. Yeye alikuwa msichana enzi za hali ya hatari, wakati Mwingereza alipofanya kupatikana na bunduki, au hata risasi, kuwa kosa la kunyongwa. Sheria ya Silaha tuliyonayo hadi leo, Sura ya 114, ilianza kutumika 1954, katikati ya miaka hiyohiyo. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa kwa kupatikana na bastola na risasi zake, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na Kamiti si mbali na ninapoandikia haya. Nyanya alimsikiliza shemeji mpaka mwisho, kuku, pampu, Dallas, mnada, kisha akauliza swali moja.

"Imeandikwa?"

Shemeji akasema bado. Nyanya akarudi kwenye maharagwe yake na hakumwangalia tena mpaka tulipoondoka.

Basi tukaingia njia halali, ambayo ndiyo inayoninyima usingizi. Ilianza na cheti cha maadili mema, kile cha DCI. Unaingia eCitizen, yaani mimi naingia eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha ile fomu ya C24, kisha unapeleka vidole vikachukuliwe alama. Tatizo ni kwamba miaka ya kubeba saruji imevila vidole vya shemeji. Kila alipobonyeza wino karatasini lilitokea doa safi lisilo na mistari. Tulimnawisha, tukampaka mafuta, tukamsugua, watu nyuma yetu kwenye foleni wakaanza kutoa ushauri wa kimatibabu. Mwanamume mmoja akasema mwizi mwenye vidole kama hivyo angekuwa tajiri. Shemeji alifurahi, akakiona kama sifa.

Halafu orodha tuliyopewa ikataka karatasi za KRA. Hapo shemeji alinyamaza kwa muda. Ni mtu anayeongea tangu asubuhi mpaka usiku, lakini aliposikia kwamba anayeomba bastola sharti mambo yake ya ushuru yawe wazi, aliangalia dirishani, akasema labda mbwa pia si wabaya.

Kuna pendekezo la polisi wa eneo lako na kamati ya usalama. Kuna daktari wa mwili na kuna wa akili. Kuna kujifunza kulenga nayo na kuitunza. Na juu ya yote kuna sheria yenyewe, ambayo niliisoma kwa sauti sebuleni kwake ili asije akasema nilimficha. Bodi ya Leseni za Silaha lazima iridhike kwamba una sababu nzuri ya kutaka silaha, na kwamba kukuachia nayo hakutahatarisha raia. Haimpi mtu ambaye akili yake haiko sawa. Haimpi mlevi. Nilipofika hapo nikatua. Shemeji hukaa Kamakis kila Jumapili kuanzia nyama ya kwanza mpaka taa za mwisho, na wenzake mezani ndio haohao aliotaka wamshuhudie kwamba ni mtu mtulivu.

Akauliza kama bia inahesabiwa.

Tulimpeleka pia Nairobi kwa mwenye duka aliyesajiliwa, akaone kitu chenyewe, maana nilidhani akikiona hamu itashuka. Ni mzee mpole sana yule. Alitukaribisha, akatupa viti, akauliza cheti. Hakuna cheti? Basi karibuni chai. Hakumruhusu shemeji kushika hata ile iliyokuwa nyuma ya kioo. Alimweleza kwamba akipata cheti, kitataja silaha gani na risasi ngapi, si bunduki yoyote na risasi za kujaza debe. Kitabu cha duka kitaandika nani kachukua nini na nambari gani. Leseni huhuishwa kila mwaka. Na nyumbani atahitaji sefu ya chuma iliyokazwa ukutani kwa bolti, maana bastola iliyo chini ya mto ni ya mwizi anayekuja kesho.

"Nina kabati lenye kufuli," shemeji akasema.

Mzee akamwongezea chai.

Ningependa kusema foleni hii yote ni upuuzi wa serikali. Ningependa sana, ndiyo kazi ya safu hii. Lakini Desemba 2018 Fred Matiang'i, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliwapa raia wote wenye bunduki siku 90 wakapigwe msasa upya, kwa sababu leseni bandia zilikuwa zimezagaa. Wale wakubwa wanaoinua koti kwenye harusi ili tuone kiunoni kuna nini, nao walirudi mstarini. Na watafiti wa Small Arms Survey walikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki 750,000, huku zilizoandikishwa zikiwa elfu nane na ushei. Hesabu hizo nilimpa shemeji nikitumai zitamtuliza. Alisema zinathibitisha hoja yake: watu wote wanazo isipokuwa yeye.

Nikamwonyesha basi picha za Ngong, Juni 2021, serikali ilipochoma silaha haramu 5,144 zilizorundikwa juu ya kuni. Shemeji alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Jamani! Si wangetupigia mnada!"

Kwa jumla, ushauri wa bure umekuwa mwingi. Jirani yangu wa Membley anasema bastola ya kweli haihitajiki, unaweka tu stika getini kwamba unayo. Fundi wa mabomba anasema anunue bunduki ya mtoto ya plastiki, achungulie nayo dirishani. Nikamwambia jaribu hilo mbele ya doria ya polisi usiku halafu uwaeleze kwamba ni plastiki. Mama mboga, ambaye ndiye pekee anayefikiri, aliuliza mwizi alipitia wapi. Tukaenda kutazama. Ua wa nyuma una tundu la upana wa ng'ombe. Limekuwa hapo tangu nyumba ijengwe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye nyavu, nguzo na misumari ya kila ukubwa, ana tundu la upana wa ng'ombe.

"Nitaliziba," shemeji akasema, "nikishapata bastola."

Faili likasonga hata hivyo, na siku moja afisa mmoja akaja Ngoingwa kuuliza maswali ya kawaida. Mimi nilikuwepo kama mtu wa kumshuhudia. Aliuliza tumejuana kwa muda gani, nikasema tangu mahari. Akauliza kama ni mgomvi, nikasema hapana, na ni kweli, shemeji hajawahi kumnyanyulia mtu mkono. Akauliza, "Akikasirika hufanya nini?"

Nikafikiri. Mtu anaulizwa ukweli na serikali, lazima afikiri. "Akikasirika," nikasema, "hununua kitu mnadani."

Afisa akaandika. Jibu langu lilikuwa fupi lakini aliandika mistari mingi. Kisha akamgeukia dada yangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akamuuliza yeye kama mama wa nyumba ana maoni gani juu ya silaha kukaa humu ndani.

Dada akaweka sinia mezani. "Afande, muulize kwanza funguo za duka ziko wapi."

Shemeji akajipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati, akainua mto wa kochi, akainama kuchungulia chini ya meza, na aliponyanyuka akakuta sisi watatu tunamtazama. Afisa alimaliza chai yake polepole, akashukuru, akasema tutajulishwa.

Hatujajulishwa. Shemeji anasema serikali inachelewesha watu wa kawaida makusudi, na mimi huitikia kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kukata simu. Tundu liko palepale. Majuzi amepata tangazo jingine Facebook, la mbwa wa ulinzi safari hii, mkali, amefunzwa, karatasi zote zipo, analetwa na boda hadi mlangoni. Ameshatuma nusu.